Murmur ya R.E.M.: Somo la Kukataa kwa Vitendo

Wanachuo wenzangu, nani hajawahi kuwa kwenye kundi la asaimenti ambamo mtu mmoja anabadilisha kazi yote usiku wa mwisho, na nyie wengine mnabaki kununa tu? Hebu leo tujifunze kwa vijana wanne wa Athens, jimbo la Georgia, Marekani.

Athens ni mji wa chuo. Michael Stipe alikuwa anasoma sanaa Chuo Kikuu cha Georgia, Mike Mills na Bill Berry nao walikuwa wanafunzi palepale, na Peter Buck alikuwa anauza santuri dukani. Onyesho lao la kwanza, Aprili 1980, lilikuwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya kanisa la zamani. Ndivyo bendi ya roki R.E.M. ilivyoanza.

Baadaye walisaini na kampuni ya I.R.S., na kwa ajili ya albamu ya kwanza wakajaribishwa na prodyuza Stephen Hague. Jamaa alitaka kila kitu kinyooke. Wimbo "Catapult" ulirudiwa na kurudiwa mpaka Berry, mpiga ngoma, akavunjika moyo. Kisha Hague akaupeleka Boston na kuongeza kinanda bila hata kuwauliza wenyewe.

Sasa, wangefanya nini? Wangeweza kulalamika chinichini, au kususa. Wao waliomba nafasi ya kurekodi wimbo mmoja na Mitch Easter, aliyewahi kufanya nao kazi, pamoja na Don Dixon. Wakarekodi "Pilgrimage". Kampuni ikasikiliza, ikaridhika, na mapema 1983 albamu nzima ikarekodiwa Charlotte, North Carolina.

Ukiisikiliza Murmur utaelewa walichokuwa wanakilinda. Buck anadokoa nyuzi za gitaa moja moja, besi ya Mills inatembea kama sauti ya pili, na Stipe anaimba kama mtu anayeongea usingizini. Maneno mengi huyashiki. Jina lenyewe maana yake ni mnong'ono! Prodyuza mpenda unyoofu angemwambia atamke vizuri, na albamu ingepoteza kile kinachokufanya utege sikio.

Kwenye chati ya Billboard ilifika nafasi ya 36 tu. Lakini jarida la Rolling Stone liliitaja kuwa albamu bora ya 1983, mwaka ambao Thriller ya Michael Jackson ilikuwa imeshika dunia nzima.

Kwa hiyo, ukiona msimamizi wa mradi au mkubwa wa kundi anaivuruga kazi yako, usiishie kusema "sitaki". Omba siku mbili, fanya ukurasa mmoja kwa njia yako, uweke mezani. Unaweza kukataliwa bado, ni kweli. Lakini angalau watakuwa wamekataa kazi waliyoiona, siyo manung'uniko ya korido.