Kifuko cha Nyongo Kimetolewa, Tumbo Bado Linauma: Ufanye Nini?

Mgonjwa wa Ndungu, wilayani Same, hadi afikie kutolewa kifuko cha nyongo huwa amehangaika vya kutosha: vipimo Same, rufaa Moshi, michango ya ndugu, pengine na mpunga uliouzwa kabla bei haijapanda. Akirudi nyumbani anategemea maumivu yameisha. Wiki zinapita na ubavu wa kulia bado unachoma. Huyu anamwambia avumilie, kidonda hakijakauka ndani. Yule anamletea mizizi ya kuchemsha. Kwa mgonjwa huyo na wanaomuuguza nina neno moja: maumivu yasiyokwisha baada ya upasuaji huu yana chanzo, na chanzo hicho hupatikana kwa urahisi zaidi mgonjwa akirudi hospitali na maelezo yaliyonyooka.

Maumivu yapi ni ya kawaida?

Nyongo hutengenezwa na ini. Kifuko kazi yake ni kuihifadhi tu. Kikiondolewa, nyongo hutiririka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, na watu wengi huishi hivyo bila shida yoyote.

Aliyepasuliwa kwa matundu madogo alijazwa gesi tumboni ili daktari aone vizuri. Gesi hiyo husumbua msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ndiyo maana bega linaweza kuuma ingawa halijaguswa. Hali hiyo huisha kwa siku chache, na vidonda vyenyewe hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Aliyepasuliwa kwa mkato mrefu chini ya mbavu huhitaji kama wiki 4 hadi 6.

Kipimo chako kiwe hiki: maumivu yapungue siku hadi siku. Yakizidi, au yakikoma kisha yakarudi, usiyaite tena ya kidonda.

Dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo

- Macho au ngozi kuwa ya njano.
- Mkojo kuwa mweusi wa rangi ya chai, na choo kupauka.
- Homa yenye kutetemeka. Pima malaria, lakini hata ikionekana, sema kwamba umefanyiwa upasuaji wa nyongo.
- Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya mgongoni, pamoja na kutapika.
- Tumbo kujaa na kuwa gumu, au kidonda kutoa usaha au majimaji ya kijani.
- Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami.
- Maumivu ya juu ya tumbo yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi. Hayo yanaweza kuwa ya moyo.

Chanzo kinaweza kuwa nini?

Cha kwanza kufikiriwa ni kijiwe kilichobaki kwenye mrija wa nyongo. Mkulima wa skimu ya umwagiliaji ya Ndungu anajua takataka zikiziba mfereji maji hurudi nyuma. Nyongo nayo ikizibwa hurudi kwenye ini na kuingia katika damu, macho yakawa ya njano. Kijiwe kinaweza kujionyesha baada ya wiki, miezi au hata miaka. Mrija pia unaweza kuvuja siku za mwanzo, au kusinyaa baadaye kwa sababu ya kovu.

Pili ni henia. Mtu akiwahi kuinua gunia la mpunga, msuli uliokatwa huweza kufunguka na uvimbe ukatokeza kwenye kovu anapokohoa au kusimama. Usinyanyue mizigo mizito hadi daktari akuruhusu.

Tatu, huenda maumivu hayakutokana na nyongo tangu mwanzo. Mtu anaweza kuwa na vijiwe na vidonda vya tumbo kwa pamoja. Kifuko kikatoka, vidonda vikabaki. Kiungulia, kongosho na utumbo wenyewe huuma maeneo hayo hayo. Mwenye selimundu aseme mapema, kwa kuwa seli zake zinazovunjika huweza kuzalisha vijiwe vingine ndani ya mrija.

Ukiharisha mara kwa mara baada ya kula, eleza pia. Nyongo inayomiminika muda wote huweza kuchochea utumbo, na ipo dawa ya kutuliza kuharisha huko.

Andika kabla ya kwenda

"Tumbo linauma" ni maelezo yanayomfaa daktari kidogo sana. Chukua daftari la kawaida uandike hivi: "Jumanne, saa 2 usiku nimekula makande. Saa 4 maumivu yameanza chini ya mbavu za kulia, yakaenda mgongoni. Yamedumu saa nzima. Sijatapika. Mkojo wa kawaida asubuhi." Mistari kama hiyo ya wiki moja humwonyesha daktari pa kuanzia, ila ukiona dalili yoyote ya hatari iliyotajwa juu usisubiri wiki iishe.

Beba pia karatasi ya kuruhusiwa hospitali, majibu ya vipimo vyote, na dawa zako zote, za mitishamba zikiwemo. Baadhi ya mitishamba huumiza ini na kuvuruga majibu.

Safari ya vipimo

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Kisha Hospitali ya Wilaya ya Same, na hospitali za Mawenzi na KCMC mjini Moshi kadiri ya rufaa. Unapoweza, rudi kwa waliokupasua, maana ndio wenye faili lako.

Omba kuelezwa kuhusu vipimo vya damu vya ini na kongosho, na ultrasaundi. Ufahamu kwamba ultrasaundi huweza kukosa kijiwe kidogo kilicho chini kabisa ya mrija. Ikiwa picha ni safi lakini vipimo vya ini vimepanda au maumivu yanaendelea, uliza: "Daktari, kuna kipimo kingine cha kuangalia mrija wenyewe?" Kijiwe kikionekana, mara nyingi hutolewa kwa mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni bila kupasua tena, katika hospitali kubwa zenye huduma hiyo. Uliza mapema bima yako inagharamia nini.

Wakati unasubiri

Kula kidogo kidogo, punguza vya kukaangwa na mafuta mengi. Makande si mwiko. Maharage yakikujaza gesi, pumzika nayo wiki chache kisha jaribu kiasi kidogo. Usinunue diklofenaki au ibuprofeni kila maumivu yakija, kwani huchimba vidonda vya tumbo. Vidonge vyenye kodeini navyo vinaweza kukaza mlango wa mrija wa nyongo na kuongeza maumivu. Parasetamoli kwa dozi iliyoandikwa ndiyo salama zaidi kwa wengi, ila mwenye tatizo la ini amwulize daktari kwanza.

Na wewe unayemuuguza: usimwambie ajikaze. Angalia macho yake kwenye mwanga wa jua, mwulize rangi ya mkojo, mtafutie lile daftari, kisha mpange siku ya kwenda kliniki wiki hii, au mwende leo hii ukiona dalili yoyote ya hatari.