Alama ya koperative: jina moja, picha moja, rangi zile zile

Ndugu wanamemba, tulisha kuongea mara nyingi juu ya kuvuna kahawa nyekundu tu, kuiosha na kuianika. Leo somo ni juu ya kitu ambacho wengi wanaona ni kazi ya watu wa muji: alama ya koperative, na kile kitabu kidogo kinachosema namna ya kuitumia.

Makampuni makubwa yanakuwa na kitabu kama hicho. Ndani wanaandika: jina linaandikwa hivi, picha ni hii, rangi ni hizi na nambari zake, pembeni ya picha ibaki nafasi tupu, mambo haya ni marufuku. Yule anayechapa mifuko Kampala na yule anayechora kibao Bukavu wanafuata ukurasa ule ule.

Mutu atauliza: mukulima anapata nini hapo? Tuangalie Kolombia. Shirikisho la wakulima wa kahawa wa kule lilianza 1927. Kahawa yao ilikuwa inachanganywa na ya inchi zingine, na munywaji wa Marekani hakujua imetoka wapi. Mwaka 1959 wakaanza kuitangaza kwa sura ya mukulima mumoja, Juan Valdez, pamoja na nyumbu wake Conchita. Juan Valdez ni jina la kutunga, na waigizaji walibadilika. Carlos Sánchez alishika kazi hiyo tangu 1969 mpaka 2006. Lakini kofia na nyumbu vilibaki. Mwaka 1981 wakatoa picha ya pembe tatu: mukulima, nyumbu, milima nyuma. Muchomaji wa kahawa akitaka kuiweka kwenye paketi yake, lazima apate ruhusa, na kahawa ya ndani iwe ya Kolombia tupu. Nguvu iko hapo, siyo katika uzuri wa picha.

Kwetu mambo iko namna ingine. Katika depo moja nilikuta mifuko ya koperative moja, jina limeandikwa namna tatu, na moja ilikosa herufi. Mununuzi akipenda ile kahawa, mwaka ujao atatafuta jina gani? Na mufanyabiashara akijaza kahawa mbovu katika mifuko yenu ya zamani, mutaonyesha namna gani kwamba siyo yenu, kama ninyi wenyewe hamuna namna moja ya kuandika?

Kurasa mbili zinatosha. Andikeni jina kamili na jina la kifupi, kama yalivyo kwenye karatasi za serikali. Picha iwe nyepesi: uzi wa gunia ni munene, mistari myembamba inapotea. (Tafazali, siyo kila koperative ichore kikombe chenye moshi!) Chagueni rangi moja ao mbili, juu kila rangi inaongeza bei ya kuchapa. Muandike nambari ya rangi, maana « kijani » ya muchapaji mumoja siyo ya mwenzake. Onyesheni pia picha ikiwa nyeusi tu, kwa ajili ya kashe na barua.

Rangi yenyewe ni jambo la ubora. Kahawa inavuta harufu haraka. Musipake magunia yaliyojaa rangi iliyochanganywa na petroli. Chapeni gunia likiwa tupu, kwa wino usio na harufu, likauke vizuri. Muache nafasi ya nambari ya loti, isifunikwe na picha.

Alama za wengine, kama Fairtrade ao lile jani la kijani la bio la Ulaya, zina mwenyewe na zina kitabu chake. Kuwa na setifika hakukupi haki ya kuichapa unavyotaka: ombeni ruhusa kwanza, mutume mufano, mungojee jibu.

Kwa kulinda alama yenu, sheria nambari 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 inaruhusu kuiandikisha kwenye wizara ya viwanda, kwa miaka 10, na unaweza kuirudilia. Ni makuta, kweli. Koperative ndogo inaweza kungoja, lakini ile inayouza inje isichelewe.

Katika mukutano mukuu ujao, chagueni mutu mumoja wa komite wa kuangalia kila kitu kabla hakijachapwa. Faili ya asili, siyo foto ya telefone, ikae kwa sekretere, na kopi ingine kwa presidenti.