Sura ya 7: Insha ya Hoja – Sahani ya Mbagala na Sahani ya Dodoma

Swali la mfano: "Maisha ya Dar es Salaam ni ghali kuliko maisha ya Dodoma." Andika insha ya hoja kwa kukubali au kukataa kauli hii.

Swali hili linaonekana jepesi, na kwa sababu hiyo watahiniwa wengi hupoteza alama hapa. Kila mtu amewahi kula kwa mama lishe, kila mtu amepanda daladala, kwa hiyo kila mtu anaona jibu analo tayari. Ukikusanya madaftari ya darasa zima utakuta sentensi moja imerudiwa mara arobaini: "Dar es Salaam ni ghali kwa sababu ni jiji kubwa lenye watu wengi." Hiyo bado si hoja. Ni dai lililosimama peke yake, halina bei, halina kipimo wala mtu anayelipa. Katika sura hii tutajifunza kugeuza dai kuwa hoja, na tutatumia gharama za chakula na maisha kama mfano wetu kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

7.1 Kwa nini miji hii miwili

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Kwa miaka mingi ofisi nyingi ziliendelea kubaki Dar es Salaam, mpaka mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahama kweli. Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwezi Aprili 2018, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, nje ya katikati ya jiji. Maelfu ya watumishi walipata barua za uhamisho. Kwao, na kwa familia zao, swali la "wapi ni ghali" halikuwa la mtihani.

Takwimu za kukusaidia katika utangulizi: kwa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, na Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 765,179. Ukizitumia, eleza zinahusianaje na bei. Watu wengi huongeza mahitaji ya vyumba, na kodi hupanda. Lakini watu hao hao huleta mama lishe wengi barabara moja, wanashindana, na bei ya sahani hushindwa kupanda. Ukubwa wa jiji husukuma bei pande zote mbili. Mtahiniwa anayeliona hili ameshawaacha nyuma wale arobaini.

7.2 Kwanza hakikisha unalinganisha kitu kilekile

Tuseme sahani ya wali maharage ni shilingi 2,500 Mbagala Rangi Tatu na shilingi 3,000 Dodoma. (Bei zote za sahani, vyumba na matumizi katika sura hii ni za mfano, ukifanya zoezi, tumia bei za mtaani kwako.) Je, Dodoma ni ghali? Bado hujui. Huenda sahani ya Dodoma ina mboga ya majani na kipande cha nyama, na ya Mbagala ina maharage yanayohesabika.

Wauzaji wetu wengi hawapandishi bei, wanapunguza kipimo. Fungu la nyanya la shilingi 500 hubaki fungu la shilingi 500 mwaka mzima; kinachobadilika ni idadi ya nyanya. Sado ya maharage sokoni Tandika inaweza kujazwa mpaka ikawa na kilima juu, na sado nyingine ikasawazishwa kwa kiganja. Kwa hiyo kabla ya kuandika "bei ni kubwa", sema ni bei ya nini na kwa kipimo gani: kwa kilo, kwa lita, kwa safari moja, kwa mwezi.

Kosa la pili ni kuchukua mtaa mmoja na kuuita jiji. Manispaa ya Kinondoni ina Masaki na ina Tandale ndani yake. Ukilinganisha mgahawa wa Masaki wenye kiyoyozi na kibanda cha Chang'ombe ya Dodoma, umelinganisha matajiri na maskini, hukulinganisha Dar es Salaam na Dodoma. Tena kuwa makini na jina hilo, maana Chang'ombe ipo Temeke na ipo Dodoma pia. Ukiliandika bila kutaja jiji utamchanganya msahihishaji.

7.3 Ndani ya sahani kuna nini

Hapa ndipo hoja nzuri hupatikana. Mteja anayelipa 2,500 halipii wali na maharage tu. Analipia mchele, mkaa, mafuta ya kula, maji, kodi ya kibanda, nauli ya mama lishe kwenda sokoni alfajiri, na jasho lake.

Chukua kila kimoja na ujiulize kinatoka wapi. Dodoma ni kame, kwa hiyo sehemu kubwa ya mchele unaoliwa huko husafirishwa kutoka mikoa kama Morogoro na Mbeya. Mahindi ni habari nyingine: soko kubwa la nafaka la Kibaigwa liko wilayani Kongwa, mkoani humo humo. Kwa hiyo anayekula ugali Dodoma yuko karibu na chanzo kuliko anayekula wali. Samaki wa baharini wanashushwa Feri, Dar es Salaam. Dodoma hupata samaki wa Bwawa la Mtera. Mlo wako ndio utakaoamua jiji lipi ni nafuu kwako.

Zipo gharama zisizobadilika kati ya miji hii. Umeme wa majumbani una bei moja nchi nzima, hivyo asiandike mtu kwamba LUKU ya Dar es Salaam ni ghali. Petroli ni tofauti. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kila eneo, na eneo lililo mbali na bandari hulipa zaidi kwa sababu ya usafirishaji. Dodoma iko takribani kilomita 450 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Petroli ikipanda, nauli na bei ya mchele hufuata nyuma.

7.4 Linganisha na mfuko wa mtu

Bei peke yake haisemi ghali wala rahisi mpaka uiweke kando ya kipato. Kwa watumishi wa umma tuna bahati ya kuwa na kipimo kizuri, kwa sababu mshahara wa cheo kimoja ni uleule popote alipo mtumishi. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Ni hicho hicho Temeke, ni hicho hicho Mtumba.

Tumchukue karani mmoja wa kubuni anayelipwa kima hicho. Tuseme baada ya makato zinamfikia mkononi shilingi 440,000. Ana watoto wawili, anaishi Mbagala na ofisi yake iko Temeke. Amehamishiwa Mtumba na amepata chumba na sebule Nkuhungu. Hesabu zake za mwezi, kwa siku 22 za kazi, ni hizi:

Kodi ya nyumba: Mbagala 100,000, Dodoma 80,000.
Chakula cha nyumbani: Mbagala 180,000, Dodoma 170,000.
Chakula cha mchana kazini: Mbagala 2,500 × 22 = 55,000; Dodoma 3,000 × 22 = 66,000.
Nauli: Mbagala 600 × 2 × 22 = 26,400; Dodoma, anakobadilisha gari, 1,500 × 2 × 22 = 66,000.
Maji na umeme: 35,000 kila mahali.
Jumla: Mbagala 396,400, Dodoma 417,000.

Tazama kwa utulivu. Katika vitu vitano, viwili ni nafuu zaidi Dodoma, na ni vile vikubwa kabisa, yaani kodi na chakula cha nyumbani. Kimoja ni sawa. Mtahiniwa wa haraka angehesabu vitu na kuandika kwamba Dodoma ni nafuu au angalau ni sawa. Lakini jumla imepanda kwa shilingi 20,600, na iliyoleta shida zaidi ni nauli.

Sasa endelea hatua moja ambayo wengi hawafiki. Ongezeko la 20,600 juu ya 396,400 ni kama asilimia 5. Linaonekana dogo. Lakini angalia kinachobaki mkononi. Mbagala alikuwa akibakiwa na 440,000 – 396,400 = 43,600. Dodoma anabakiwa na 440,000 – 417,000 = 23,000. Salio lake limepungua kwa karibu nusu. Hilo ndilo lililokuwa linalipa sare za shule, dawa za mtoto na mchango wa msiba. Kwa mtu wa kipato kidogo, badiliko dogo la matumizi ni badiliko kubwa la salio. Andika hivyo, kisha weka namba hizo mbili, na aya yako imejitosheleza.

Kuna jambo jingine. Tuseme watoto wamebaki Mbagala kwa bibi yao mpaka mwaka wa shule uishe, na mama anataka kuwaona. Treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilipoanza mwaka 2024, nauli ya mtu mzima kwa treni ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi ni 62,000. Salio la 23,000 halitoshi hata kwenda. Ni kweli kwamba watoto wakiwa mbali chakula cha Dodoma kitapungua, ila atalazimika kutuma pesa ya chakula Mbagala. Gharama ya namna hii haipo kwenye bei ya sahani yoyote, lakini ni gharama ya maisha.

Je, basi jibu ni kwamba Dodoma ni ghali? Ngoja. Mfanye karani huyo ahamie Ihumwa, upande mmoja na Mtumba, kwa kodi ya 90,000 na nauli ya 600 kwa safari. Kodi imeongezeka 10,000, nauli imeshuka kutoka 66,000 hadi 26,400. Jumla inakuwa 387,400 na salio 52,600, kubwa kuliko la Mbagala. Jiji ni lilelile, mshahara uleule, mtu yuleyule. Hapo unaweza kuikataa kauli ya swali, au kuikubali kwa masharti, na pande zote mbili una ushahidi.

7.5 Miji ikiwa katika nchi mbili

Swali linaweza kutaja Dar es Salaam na Nairobi. Hapo hutokea kosa la kuchekesha: "Nairobi chakula ni 150 tu, kwetu ni 2,500." Shilingi hizo ni mbili tofauti. Zamani nchi zetu zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, na zilipoanzisha sarafu zao mwaka 1966, shilingi ya Kenya ilikuwa sawa na shilingi ya Tanzania. Leo shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa takribani shilingi 20 za Tanzania. Sahani ya 150 ni kama 3,000 za kwetu.

Usiishie hapo pia. Ikiwa kibarua wa Temeke anapata 10,000 kwa siku, sahani ya 2,500 inakula robo ya siku yake. Ikiwa kibarua wa Nairobi anapata shilingi 700 za Kenya, sahani ya 150 inakula kama asilimia 21. Kwa kubadilisha fedha, sahani ya Nairobi ni ghali. Kwa jasho la mlaji, ni nyepesi kidogo.

7.6 Tahadhari kuhusu mfumuko wa bei

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kila mwezi Fahirisi ya Bei za Walaji. Hupima mabadiliko ya bei za kapu la bidhaa na huduma kwa muda, na migahawa imo. Haikuambii jiji lipi ni ghali leo. Na mfumuko ukishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, bei hazijashuka; zinapanda polepole zaidi.

7.7 Aya mbili za kulinganisha

Aya dhaifu: "Pia chakula Dar es Salaam ni ghali sana. Watu wanateseka. Dodoma chakula ni rahisi kwa sababu kuna kilimo."

Aya iliyokomaa: "Unafuu wa chakula Dodoma hutegemea mlo wenyewe. Mlaji wa ugali hunufaika na ukaribu wa soko la nafaka la Kibaigwa, ilhali mlaji wa wali hubeba gharama ya kuusafirisha mchele kutoka mikoa mingine. Hivyo, familia mbili zenye mshahara sawa zinaweza kuishi mtaa mmoja, na moja ikaona jiji ni nafuu, nyingine ikaliona ghali."

Katika aya ya pili, dai limekuja kwanza, sababu zikafuata, kisha matokeo kwa mtu. Viunganishi "ilhali" na "hivyo" vimefanya kazi, havikupachikwa kupamba. "Pia" ya aya ya kwanza haiunganishi chochote.

Maswali ya kujipima

1. Rudia hesabu za karani wa Nkuhungu ukichukulia kwamba anabeba chakula kutoka nyumbani kwa gharama ya ziada ya 1,000 kwa siku badala ya kununua cha 3,000. Salio lake jipya ni kiasi gani? Je, linazidi la Mbagala?

2. Tembelea mama lishe wawili, mmoja karibu na kituo cha daladala na mwingine ndani ya mtaa. Andika bei, kiasi cha chakula, na vitu vitatu vinavyofanya bei zao zitofautiane. Mwombe ruhusa kabla ya kumuuliza, na usiende saa saba mchana akiwa na wateja.

3. "Heri kuishi mbali na kazi ulipe kodi ndogo." Andika insha ya hoja ukitumia angalau hesabu moja ya kodi na nauli kwa mwezi.

4. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa chumba cha 80,000 na salio la 23,000 kwa mwezi, eleza karani atapata wapi fedha hiyo, na jibu lako linabadilishaje maana ya "nafuu" katika swali la mwanzo wa sura hii.