Kasha la valvu alizoacha baba mdogo

*Shikamoo fundi. Marehemu baba mdogo alikuwa fundi redio hapa Tanga, na ameniachia kasha la valvu. Nyingi ni ECC82, ECC83 na EL84, nyingine zinaanza na U. Nataka kuunda amplifaya, ila sijui ipi nzima na ipi imechoka. Nimeona picha ya kipima valvu cha AVO cha Uingereza, chenye magurudumu ya namba. Naweza kuunda kama kile? – Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mzee.

AVO achana nayo. Magurudumu yale yamewekwa ili mashine moja ipime valvu za kila namna, nawe una aina tatu tu. Soketi mbili za miguu 9 zinakutosha. Ya ECC, unga mguu wa 4 na wa 5 pamoja. Hapo ni upande mmoja wa hita, na wa pili ni mguu wa 9. Kwenye EL84 hita iko kati ya 4 na 5, na mguu wa 9 ni gridi ya pili inayobeba volti 250. Kwa hiyo ziandike soketi wazi, usije ukachanganya.

Kwanza tumia macho. Valvu ambayo ule weupe wa fedha ndani ya kioo umegeuka kama maziwa imeingia hewa, tupa. Kisha pima hita kwa mita. Ikiwa imekatika, haina dawa.

Umeme utaupata kwenye transfoma ya redio ya valvu iliyokufa: 6.3 za hita (ndiyo maana ya herufi E) na volti za juu, ambazo utazinyoosha kwa dayodi na kapasita. Hizo 250 zipime valvu ikiwa kazini, maana mzigo huzishusha. Volti hasi za gridi, wengi huzitafutia transfoma nyingine bure. Betri mbili za volti 9 zilizofuatana, na voliumu ya kilo-omu 100, zinatosha kabisa, kwa sababu gridi hasi ya valvu nzima haili mkondo.

Kati ya kathodi na ardhi weka rezista ya omu 1. Kila milivolti utakayosoma hapo ni miliampia moja. (Kwa ECC83 weka omu 10, mkondo wake ni mdogo mno.) ECC82 kwenye volti 250 na gridi ya -8.5 inatakiwa ikupe karibu 10.5. Usiishie hapo. Sogeza gridi kutoka -9 hadi -8: mkondo upande kwa kama miliampia 2.2. Ukipanda 1.2 tu, valvu imezeeka, hata kama hita yake inawaka vizuri. Ina nusu mbili ndani, zipime zote. ECC83 ipime kwenye -2: miliampia 1.2, na ongezeko la 1.6 kwa volti.

EL84 ndiyo itakayokusumbua. Kwenye -7.3 anodi hupitisha 48, lakini wewe utasoma kama 53, kwa kuwa kathodi inabeba na mkondo wa gridi ya pili. Hizo ni wati 12 kwenye anodi, kikomo chake, basi soma haraka uzime. Tena hupenda kujitetemesha kwa masafa usiyoyasikia: ukisogeza mkono, namba zinacheza, nawe unatupa valvu nzima. Ilehemu rezista ya kilo-omu 1 kwenye mguu wenyewe wa gridi, na ya omu 100 kwenye mguu wa 9. Ukiiweka mbali, mwisho wa waya, haisaidii.

Volti 250 zinaua. Funga rezista ya kilo-omu 100, wati 2, sambamba na kapasita ili imwage chaji ukizima, na bado pima kabla ya kugusa. Mkono mmoja uwe mfukoni.

Za U ziweke kando kwanza. Hita zake huungwa kwa mfuatano kwenye miliampia 100. UL84 peke yake inataka volti 45, na transfoma yako haina.