Unataka kuuza intaneti mtaani? Soma hii kabla hujanunua redio



Kati ya watu wanaofungua Paybill kwetu, kuna kundi moja linalotufurahisha sana: wale wanaouza intaneti mtaani bila kuchimba mtaro. Wanasimamisha mlingoti juu ya ghorofa, wanafunga redio, na nyumba za jirani zinapokea kwa antena ndogo iliyopigwa ukutani. Shida ni kwamba wengi hutufikia wakiwa wameshanunua vifaa. Pesa imeenda, simu zinaingia kila jioni, "Bosi, neti imepotea," na ikifika mwezi wa pili nusu ya wateja hawalipi.

Sisi si mafundi wa kupanda minara, lakini tumekaa na mafundi wa kutosha kujua maswali ambayo mtu angejiuliza kabla hajatoa pesa. Leo tuyapitie.

Ile 300 kwa boksi

Wengi huanza na TP-Link CPE510, na tunaelewa, bei yake haiumizi. Boksi linasema megabiti 300 kwa sekunde. Sasa geuza kifaa uangalie mlango wa kebo: ni wa megabiti 100. Hata hewani kukiwa na 300, kwa kebo zitapita 100 tu. Na hiyo 300 yenyewe ni kasi ya hewani kwenye chaneli pana ya megahezi 40, signali ikiwa safi kabisa. Redio hizi pia hazitumi na kupokea kwa wakati mmoja, zinapokezana, kwa hivyo unachopata kwa simu au laptopu ni kidogo zaidi.

Linganisha na LiteBeam 5AC Gen2 ya Ubiquiti. Mlango wake ni wa gigabiti moja, na antena yake ina nguvu ya desibeli 23 wakati ile ya CPE510 ni 13. Tofauti ya 10 inaonekana ndogo, lakini kwa hesabu ya desibeli ni mara kumi. Halafu dishi linatazama upande mmoja kwa wembamba, kwa hivyo halisikii kelele za kila WiFi iliyo karibu. Mahali kama Githurai au Pipeline, ambapo kila ghorofa ina redio yake, sisi tungeweka pesa hapo kwanza.

Hatusemi CPE510 ni mbaya. Kuunganisha duka lako na stoo iliyo ng'ambo ya uwanja, inatosha kabisa.

Mteja mmoja anayekula zamu za watu sita

Hapa ndipo biashara nyingi hufia, kwa hivyo tukae kidogo.

Tuseme umeweka antena ya sekta, ile inayofunika pembe pana kama digrii 120, kwa mfano mANTBox 19s ya MikroTik, na unatumia chaneli ya megahezi 20. Mteja mwenye signali nzuri sana anaunganishwa kwa kasi ya hewani ya megabiti 173. Mteja aliye nyuma ya miti anaunganishwa kwa 29 hivi. Wote wamelipia kifurushi kimoja, tuseme megabiti 5 kwa Ksh 1,500. Lakini kumpelekea yule wa pili data ileile kunachukua muda mara sita. Na kwenye sekta, unachouza ni muda wa hewani. Ukiwa na wateja watano wa aina hiyo, wamekula nafasi ya thelathini wazuri, na wewe umekusanya Ksh 7,500 pekee.

Kwa hivyo ukifika kwa mteja na signali ni mbovu, una njia tatu: mwekee dishi kubwa zaidi, inua mlingoti wake, au mwambie kwa heshima asubiri mpaka ufungue kituo karibu naye. Ya tatu inauma, tunajua, hasa ukiwa na wateja wanane tu. Lakini Ksh 1,500 yake isikupotezee wale wanane.

Chagua familia moja

Mteja wetu mmoja alinunua redio za wateja kutoka duka la pili kwa sababu zilikuwa rahisi. Zilikuwa za kampuni tofauti na sekta yake, na hazikuunganika. Alizirudisha, na duka likakata sehemu ya pesa.

Sababu ni hii. Ubiquiti, MikroTik, Cambium na TP-Link kila mmoja ana mpango wake wa kugawa zamu hewani. Mpango huo ndio unaozuia wateja wasiosikiana kutuma kwa pamoja na kugongana. Ubiquiti wanauita airMAX, MikroTik wana Nv2, na hazielewani. Ukilazimisha zote zitumie WiFi ya kawaida, zinaweza kushikana, lakini zamu zinapotea na jioni inakuwa vurugu. Kwa hivyo ukichagua sekta, umechagua pia redio za wateja wako wote wanaofuata.

Cambium ePMP 3000 iko juu kibei, na mtu wa wateja ishirini haihitaji. Inaanza kuwa na maana ukiwa na sekta kadhaa kwenye mlingoti mmoja. Inatumia saa ya GPS ili sekta zote zitume pamoja na zipokee pamoja, hivyo unaweza kurudia chaneli ileile mbele na nyuma bila sekta moja kuizibia nyingine masikio. Kwa mtaa uliojaa, hiyo ni dhahabu.

Kuona si kuona tu

Ukiona paa la mteja kwa macho, usifurahie haraka. Mawimbi hayapiti kama uzi. Yanavimba katikati kama yai refu. Kwa umbali wa kilomita 5 kwenye masafa ya gigahezi 5.8, uvimbe huo katikati unafika mita 8 hivi kila upande wa mstari, na angalau mita 5 zinatakiwa ziwe wazi. Mkaratusi uliopimia Januari utakuwa mrefu zaidi Desemba.

Mvua haisumbui sana gigahezi 5. Redio za gigahezi 60, kama Wireless Wire ya MikroTik, ndizo zinazoumizwa nayo. Zinakimbia sana, lakini ziweke kwa umbali mfupi, kama kuvuka barabara.

Kabla ya kuchomeka, soma volti. LiteBeam hutumia 24 kupitia kebo. Ukiichomeka kwenye kifaa kinachosukuma 48 bila kuuliza, umeichoma.

Leseni pia: kuuza intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na vifaa viwe vimeidhinishwa nayo. Na usinunue kifurushi cha nyumbani ukauzie mtaa. Tafuta mkataba unaoruhusu kuuza tena.

Na pesa je?

Habari njema ni kwamba redio uliyochagua haibadilishi mfumo wa malipo. Kazi hiyo hufanywa na ruta iliyo kwenye kituo chako, na wengi hutumia MikroTik hata redio zikiwa za kampuni nyingine. Ruta inampa kila mteja akaunti yake ya PPPoE. Mfumo wa bili ukipokea taarifa ya malipo kutoka kwetu, unaiambia ruta ifungue laini. Siku zikiisha, inafunga.

Ili hilo lifanye kazi, chukua Paybill, si Till. Till haina nafasi ya nambari ya akaunti, na utabaki kulinganisha majina na meseji usiku. Nambari ya akaunti iwe fupi na ifanane na ile ya PPPoE, kwa mfano B4 kwa nyumba B4. Mama anayelipa kwa niaba ya mwanawe asikosee.

Kisha jaribu mwenyewe. Unda akaunti ya majaribio ya shilingi 10, ifunge, toka nje ya kituo, na ulipe kwa simu yako. Laini ikifunguka bila wewe kugusa ruta, anza kuunganisha watu.