Aiskrimu ya Machungwa Pasipo Jokofu

Ndugu wasomaji, wanafunzi wenzangu nanyi mliokwisha kumaliza masomo hapa, likizo imekaribia na kila mmoja atarudi kwao. Wengine kwao ni hapa hapa Mbarara mjini, penye umeme. Mimi kwetu ni Nakivale, wilaya ya Isingiro, katika makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa zaidi ya miaka 60 iliyopita, ambamo Mkongo na Mrundi hukutana sokoni na kuelewana kwa Kiswahili. Nyumbani hatuna jokofu. Hata hivyo tunakula aiskrimu ya machungwa na malimau. Nataka kuwaeleza namna ya kuitengeneza, na zaidi sababu zake, kwa kuwa barafu ni ya kununuliwa, na asiyejua sababu hupoteza fedha yake.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: machungwa 6, malimau 3, sukari robo kilo, maji nusu lita, barafu kilo 4 na chumvi ya mawe kilo 1. Chumvi ya ziwa Katwe yafaa sana. Vyombo ni ndoo kubwa, kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, mwiko na kitambaa safi.

Kwanza, safari ya barafu. Mimi huinunua Mbarara kwa mwenye duka aliye na friza. Chagua bonge moja kubwa, wala si vipande vidogo, maana vipande vina nyuso nyingi za kupokea joto, navyo huyeyuka upesi. Lifunge katika mfuko wa plastiki, kisha ulizungushie majani makavu ya migomba na blanketi, ulitie guniani. Abiria wenzako watacheka na kusema kwamba blanketi litaipasha barafu moto. Hasha! Blanketi halitoi joto lolote, bali huzuia joto lisipite. Usiku huzuia joto la mwili wako lisitoke, na njiani huzuia joto la jua lisiingie.

Pili, maji. Hapa nawaomba muwe waangalifu, kwa sababu aiskrimu hupendwa na watoto wadogo, na ugonjwa wa tumbo huwaangusha wao kwanza. Watu wengi hudhani kwamba baridi huua vijidudu. Siyo kweli, wengi wao hulala tu, wakaamka tena ndani ya tumbo. Basi maji sharti yachemshwe. Nchi yetu hii iko juu, karibu mita 1,400 juu ya bahari pale Mbarara, na maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Kwa hiyo yaache yatokote dakika nzima. Tia sukari ikiwa maji yangali moto, ukoroge mpaka iyeyuke, kisha uyafunike yapoe. Yakiisha kupoa, kamulia machungwa na malimau, uchuje. Osha matunda na mikono yako kabla ya kukamua.

Tatu, mimina maji hayo ya matunda katika kopo, yasipite theluthi mbili, kwani yakiganda yatapanuka. Funika. Vunja barafu kwa nyundo ikiwa ingali guniani. Weka kopo katikati ya ndoo, uizungushie barafu, konzi tatu za barafu kwa konzi moja ya chumvi, tabaka juu ya tabaka. Zisifike kwenye kifuniko.

Mara ya kwanza mama alipoona nashika chumvi, aliuzuia mkono wangu. Akasema, "Mwanangu, chumvi si huyeyusha barafu? Nimetoa fedha ya sabuni kununua barafu hii, nawe wataka kuiharibu?" Nikamjibu, "Ni kweli, Mama, yaiyeyusha, na ndiyo kazi ninayoitaka."

Swali lake ni jema kuliko mengi tunayoulizwa darasani. Tuseme wazi: baridi si kitu kinachotoka katika barafu na kuingia katika maji ya matunda. Joto ndilo linalotoka katika maji ya matunda na kuingia katika barafu. Barafu ikiyeyuka hula joto jingi mno. Kilo 1 ya barafu yenye digrii 0 huhitaji, ili iyeyuke tu, joto lile lile liwezalo kupasha kilo 1 ya maji kutoka digrii 0 hadi 80. Lakini barafu peke yake hubaki kwenye digrii 0, na maji yenye sukari hayagandi hapo. Ukitia chumvi, barafu huyeyuka hata chini ya digrii 0, na joto inalolihitaji hulinyang'anya kila kilicho karibu. Mchanganyiko waweza kushuka hadi digrii 21 chini ya sifuri. Ndiyo sababu twatumia kopo la bati, maana bati hupitisha joto upesi kuliko plastiki. Ndiyo sababu pia mtoto asitie mkono ndani ya ndoo; maji yale huumiza ngozi kama moto.

Zungusha kopo kulia na kushoto. Kila baada ya dakika 5, pangusa kifuniko vizuri ili chumvi isiingie, fungua, ukwangue kando kwa mwiko na kukoroga. Ukiacha kukoroga, utapata bonge lenye chembe kubwa za barafu. Ukikoroga, chembe hubaki ndogo, nayo aiskrimu huwa laini. Baada ya dakika 30 hadi 45 itakuwa tayari. Usipunguze sana sukari, isije ikawa ngumu kama jiwe, wala usiizidishe, kwani sukari nayo huchelewesha kuganda, kama chumvi ifanyavyo kule nje.

Wenzangu, msione haya kuuliza juu ya jambo dogo kama hili. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaona maziwa yake, aliyoyaweka katika jokofu yangali moto, yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, akachekwa. Hakunyamaza. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye Osborne akalipima jambo hilo. Mwaka 1969 wakachapisha habari hiyo pamoja, na hadi leo wataalamu wangali wakibishana juu yake.

Basi likizo hii jaribuni haya: tieni maji ya matunda kiasi sawa katika makopo mawili, moja katika barafu yenye chumvi na jingine katika barafu tupu. Tazameni saa, mwandike mnayoyaona, kisha mleteni majibu tutakaporudi. Aiskrimu yenyewe igaweni upesi, kabla jua halijadai sehemu yake.