Somo la Mwezi: Malengo ya Ulimwengu na Mikarafuu Yetu

Ndugu Wanachama,

Mara nyingi twasikia redioni yakitajwa Malengo ya Maendeleo Endelevu, na mtu husema moyoni, "Hayo ni ya wakubwa, mimi na shamba langu wapi na wapi?" Somo letu la leo lataka kuonyesha kuwa mambo hayo yamefika mpaka chini ya mkarafuu.

Kwanza tujue asili yake. Mwezi wa Septemba mwaka 2015, mataifa 193 ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana mjini New York juu ya malengo 17, yenye shabaha 169 ndani yake, yatimizwe ifikapo mwaka 2030. La kwanza ni kuondoa umasikini, la pili kuondoa njaa, la nne elimu, la nane kazi zenye staha, la kumi na tano kuhifadhi ardhi na misitu, na mengineyo.

Neno "endelevu" maana yake ni kupata haja zetu za leo bila ya kuwanyima watakaokuja baada yetu kupata zao. Mkulima wa karafuu hahitaji kuelezwa sana neno hili. Mche hukaa miaka sita hata minane ndipo uzae, na mikarafuu mingi tunayoichuma hatukuipanda sisi. Waliipanda wazee wetu, Mungu awarehemu. Karafuu hutoka kwenye ncha za matawi. Basi anayevunja tawi kwa haraka ya kuchuma amevunja na chumo la mbele. Na anayekata mkarafuu kwa kuni asipande mwingine, amekula haki ya mjukuu wake.

Ama jambo tulilokusudia hasa ni la watoto. Ndani ya lengo la nane imo shabaha iliyotaka kazi za watoto za kila namna zikomeshwe ifikapo mwaka 2025. Shabaha hiyo haikufikiwa. Hesabu ya Shirika la Kazi Duniani na UNICEF iliyotolewa mwaka 2025 yaonyesha kuwa mwaka 2024 watoto wapatao milioni 138 walikuwa katika kazi hizo, na katika kila mia, 61 walikuwa katika kilimo. Yaani wengi wao wako mashambani, kama tuliko sisi.

Sitaki kumnyooshea mtu kidole, kwani mimi mwenyewe nimo. Msimu mmoja mvua ilikuwa yatisha, wachumaji hawapatikani, na karafuu zi karibu kuchanua, na ikishachanua thamani yake imeshuka. Nikamzuia mwanangu asiende skuli siku tisa, achambue na kuanika. Siku ya tano akapanda mti bila ya kuniambia, tawi likakatika. Alhamdulillahi, alivunjika mkono tu. Lakini aliporudi darasani wenziwe walikuwa wameshafika mbali katika hesabu, na mpaka leo hesabu ndiyo inayomshinda. Fedha za karafuu zile zimekwisha zamani. Hasara ile ingalipo.

Hatusemi mtoto asiguse karafuu. Kuchambua makonyo barazani jioni, pamoja na mama yake na bibi yake, ni malezi, na ndivyo tulivyojifunza sisi sote. Kibaya ni kazi inayomkosesha masomo au kumtia hatarini.

Basi, kabla ya msimu kuanza, twashauri haya:

1. Mwanachama asimpandishe mtoto mkarafuuni, wala asimtoe skuli kwa ajili ya chumo.
2. Majirani wapange mapema kuchumiana kwa zamu, ili upungufu wa wachumaji usiwaangukie watoto.
3. Kila aliyepotelewa na mkarafuu mmoja apande miche miwili, na mmoja aupande pamoja na mtoto wake.

Maswali ya kuzungumza katika matawi:

(a) Katika shamba lako, mikarafuu mingapi umeipanda wewe, na mingapi umeirithi?
(b) Msimu uliopita watoto wa mtaa wako walikosa skuli siku ngapi?
(c) Nani katika tawi lenu ana shida ya wachumaji, na mtamsaidiaje?

Majibu yaletwe kwa Katibu kabla ya mkutano ujao.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wenu